Sema Kabla Hujasogea

Katika nyumba ya Mzee Ndaki, mjini Katoro, hapakuwa na mtu aliyeizungumzia kesho waziwazi.

Alfajiri moja Mzee Ndaki alivaa mabuti yake, akafunga tochi kichwani, akajiandaa kwenda duarani. Duara ni shimo refu ambalo wachimbaji wadogo hulichimba wakitafuta dhahabu. Mkewe, Lusia, alisimama mlangoni akiwa na mwiko mkononi.

“Baba Hosiana, mchana utakula hapa au huko huko?”

“Tutaona.”

“Basi nisonge ugali wa watu wangapi?”

“Jua likipanda litatuambia.”

Lusia hakukasirika. Yeye mwenyewe, akiulizwa na majirani kama angekwenda kwenye jumuiya, alijibu, “Labda, nikiamka.” Binti yao Hosiana alikuwa amekulia ndani ya majibu ya namna hiyo, kama watoto wengine wanavyokulia ndani ya harufu ya ng’ombe.

Desturi hiyo ilitoka duarani. Mzee Ndaki na wenzake waliamini kwamba mchimbaji akitangaza, “Leo nitapata,” mwamba humsikia na kujifunga. Kwa hiyo walikatazana kusema watakachopata. Baadaye walikatazana hata kusema watakachofanya. Aliyeropoka alirudishwa nyumbani siku hiyo hiyo. Kidogo kidogo katazo hilo lilitoka duarani, likaingia ndani ya nyumba, likakaa jikoni na mezani.

Hosiana alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu. Alipomaliza kidato cha nne alifanya kazi mwaloni, mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu. Huko aliwaona wanawake wakichanganya mchanga na zebaki kwa mikono mitupu. Aliwaona pia wale walioifanya kazi hiyo kwa muda mrefu, ambao vidole vyao vilitetemeka hata wakishika kikombe. Akaamua kutoka. Alijifunza udereva, akapata leseni. Kampuni moja ya uchimbaji ilipotangaza mafunzo ya madereva wa malori makubwa, aliomba, akachaguliwa.

Mafunzo yalifanyika katika uwanja mpana wa udongo mwekundu. Upande mmoja uliinuka ukuta mrefu wa udongo na mawe. Chini ya ukuta huo palisimama mashine ya kuchotea mawe, ambayo madereva huiita kijiko. Malori yalikuja, yakarudi nyuma hadi kwenye kijiko, yakajazwa, yakaondoka.

Lori lile lina kimo cha nyumba. Dereva akiwa juu haoni mtu aliyesimama nyuma yake. Kwa sababu hiyo kampuni iliweka sheria isiyo na msamaha: hakuna gari linalosogea kabla dereva wake hajasema redioni atakalofanya, na kujibiwa. Na kwa kuwa waendeshaji walitoka nchi mbalimbali, lugha ya redio ilikuwa Kiingereza.

Alhamisi moja ilikuwa zamu ya Hosiana. Alikaa sawa, akatazama vioo, akabonyeza kitufe cha redio.

“Maybe… I reverse… small. If God wishes.”

Alikuwa amesema, “Labda narudi nyuma kidogo, Mungu akipenda.”

Nyuma yake boza la maji lilikuwa likipita. Dereva wa boza, kijana mwanafunzi aitwaye Donatus, aliposikia maneno hayo alifunga breki. Akaondoka. Akafunga tena. Magari yote mawili yakabaki pale, hakuna aliyejua nani apite. Mkufunzi Boaz akapuliza filimbi.

“Zima injini! Binti Ndaki, shuka. Umesema nini redioni?”

“Nimesema narudi nyuma, Mkufunzi.”

“Hukusema hivyo. Umesema labda. Sasa mwenye boza afanye nini na hiyo labda yako? Aisubiri au aikimbie?”

Wenzake walicheka. Donatus aliteremka kutoka kwenye boza akijipangusa vumbi. “Mkufunzi, huyu haendeshi. Huyu anasali.”

Boaz hakucheka. “Dada Hosiana, mikono yako ni hodari kuliko ya wote walio hapa, na ya huyu anayecheka imo. Lakini Jumatatu ya wiki ijayo ni mtihani wa redio. Asiyeweza kusema atakalofanya hatapewa lori. Sitaki kumzika mtu kwa sababu ya labda.”

Jioni ile Hosiana alifika nyumbani akiburuta miguu. Mama yake alimtazama mara moja akajua.

“Wamekufukuza, mayu, mwanangu?”

“Bado, mama.”

“Ukishindwa utarudi mwaloni. Kazi ni kazi.”

“Mama, mwaloni sirudi,” alisema Hosiana. Hakuvua hata fulana yake ya reflekta. Alivuka ua, akabisha hodi kwa jirani.

Jirani huyo alikuwa Mwalimu Mwanaima, mzaliwa wa Ujiji, aliyefundisha Kiingereza katika shule ya sekondari. Watoto wa mtaa mzima walimwogopa. Alikuwa akisahihisha hata salamu. Wakati huo alikuwa ameketi kwenye mkeka, ungo mapajani, akichambua mchele.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Mbona umekuja umevaa kama taa ya barabarani?”

“Mwalimu, nataka kujifunza wakati ujao wa Kiingereza. Wote. Kabla ya Jumatatu ya wiki ijayo.”

“Wote? Kuna watu wana miaka minne darasani kwangu na bado wanasema ‘I will going’.” Alimtazama Hosiana kwa muda. “Kaa. Usiegemee ukuta. Mtu anayejifunza haegemei.”

Hosiana akaketi wima, akamsimulia yote yaliyotokea uwanjani. Mwalimu alisikiliza bila kuacha kuchambua mchele.

“Sikiliza,” alisema. “Katika Kiswahili tunasema nitapika, nitaondoka, mvua itanyesha, basi litaondoka saa kumi na mbili. Kiambishi ‘ta’ kinabeba mizigo hiyo yote peke yake. Kiingereza kinaigawa. Kila mzigo una mbebaji wake. Kwa hiyo, kabla hujafungua kinywa, jiulize swali hili: jambo hili limeamuliwa lini, na nani?”

“Limeamuliwa lini, na nani,” alirudia Hosiana.

“Vema. Sasa mama yako anaita kutoka jikoni kwamba maji yamekwisha. Wewe hukuwa na habari. Unainuka papo hapo unasema, ‘I will fetch some water.’ Nitachota maji. Uamuzi umezaliwa sasa hivi, mdomoni mwako. Hapo tunatumia ‘will’. Tunaitumia pia kuahidi na kujitolea. ‘I will help you.’ Nitakusaidia. Sema wewe: nitasubiri.”

“I will to wait.”

Mwalimu alitoa kijiwe katika mchele akakiweka mbele ya Hosiana. “Hilo ni kosa lako la kwanza. Baada ya ‘will’ kitenzi huja kitupu. Hakivai ‘to’ mbele, hakivai ‘s’ nyuma. Rudia.”

“I will wait.”

“Sasa tuseme tangu asubuhi ulikwisha kukusudia kufua. Mtu anakuuliza una mpango gani. Hapo usiseme ‘will’, kwa maana hukuamua sasa. Sema, ‘I am going to wash my clothes.’ Nimekusudia kufua nguo zangu.”

“Kwa hiyo nikiwa ndani ya lori, nimeshatazama vioo, nimeshaamua kurudi nyuma…”

“Utasemaje?”

“I am going to reversing.”

Kijiwe cha pili kikatua. “Baada ya ‘going to’ kitenzi ni kitupu vilevile. Na mwanzoni angalia mtendaji: ‘I am’, ‘he is’, ‘they are’. Usimvike mtu nguo ya mwenzake.”

“I am going to reverse.”

“Hilo ndilo. Tena ‘going to’ ina kazi nyingine. Tazama kule magharibi.”

Hosiana akageuka. Juu ya njia ya kwenda Chato wingu zito lilikuwa limetanda.

“Hujapanga wewe mvua hiyo, wala mimi. Lakini dalili tunaiona kwa macho. Kwa hiyo tunasema, ‘It is going to rain.’ Inaelekea kunyesha. Hatubahatishi. Tunasema jambo linakoelekea.”

Waliendelea hadi mchele ukaisha. Siku iliyofuata walianza tena, na iliyofuata vilevile. Hosiana alijifunza kwamba jambo lililokwisha kupangwa pamoja na mtu mwingine husemwa kama linatendeka sasa: “I am meeting the trainer on Monday,” nakutana na mkufunzi Jumatatu. Alijifunza kwamba jambo lililomo katika ratiba husemwa kama jambo la kila siku: “The bus leaves at six,” basi huondoka saa kumi na mbili, kwa kuwa saa ya Waingereza huanza kuhesabiwa saa sita usiku na saa sita mchana. Alijifunza pia kusema jambo litakalokuwa likiendelea: “At ten o’clock I will be driving,” saa nne nitakuwa naendesha. Na jambo litakalokuwa limekwisha: “By Friday I will have finished,” kufikia Ijumaa nitakuwa nimemaliza.

Sehemu moja ilimtesa kuliko zote.

“When I will finish, I will call you,” alisema Hosiana, akiwa na hakika kwamba amepatia.

Kijiwe.

“Lakini Mwalimu! Nitakapomaliza, nitakuita. ‘Ta’ ziko mbili. Nimeziweka zote!”

“Ndipo Waswahili wengi tunapojikwaa. Tunapeleka ‘ta’ zetu Uingereza, wakati kule hazikualikwa. Kwa Kiingereza, baada ya ‘when’, ‘if’, ‘before’ na ‘after’ zenye maana ya wakati au sharti, usiweke ‘will’. ‘When I finish, I will call you.’ Inabaki moja tu, ile ya upande wa pili.”

Hosiana alirudia sentensi hiyo akifagia, akiosha vyombo na akikamua nguo. Alirudia hadi mama yake akaishika bila kujua maana yake.

Jumamosi Mwalimu alimpa sentensi nyingi aziandike kwa chaki kwenye mlango wa chuma. Hosiana aliandika zote. Mwalimu alisoma polepole, mkono nyuma. Mkeka ulibaki bila kijiwe hata kimoja.

“Vema,” alisema Mwalimu, na kwake neno hilo lilikuwa karamu. “Sasa simama pale. Jifanye uko ndani ya lori. Nyuma kuna boza. Sema unalotaka kufanya.”

Hosiana akasimama. Akainua mkono kama anayebonyeza kitufe.

“Maybe I am going to reverse… if God wishes.”

Mwalimu Mwanaima aliweka chaki chini. “Sarufi yote ni sahihi, na bado hakuna dereva atakayejua utafanya nini. Hii labda siyo ya Kiingereza. Umeitoa wapi?”

Hosiana aliinamisha kichwa. “Nyumbani, Mwalimu. Nikisema nitafanya, moja kwa moja hivi, naona kama nimevua nguo mbele za watu. Baba anasema kesho haitangazwi. Mwamba unasikia.”

“Mimi nasema inshallah kila siku ya maisha yangu,” alisema Mwalimu. “Lakini inshallah haijawahi kunizuia kumwambia mkuu wa shule saa ya kufika kwangu. Baba yako yupo?”

“Amerudi sasa hivi.”

“Twende.”

Mzee Ndaki alikuwa ameketi kwenye kigoda, akiosha miguu katika beseni. Walisalimiana kwa heshima. Lusia alileta kiti kwa ajili ya mgeni. Mwalimu alieleza shida bila kuzunguka.

Mzee Ndaki alisikitika, kisha akakasirika kidogo. “Mwalimu, wewe ni mtu wa vitabu. Mimi nimeingia ardhini miaka mingi. Nimewaona waliojisifu asubuhi, jioni hawana kitu. Sasa mwanangu akatangaze kesho yake redioni, dunia nzima isikie?”

“Mzee wangu, hatangazi bahati. Anatangaza gurudumu.”

“Ni yale yale. Kwetu duarani hatusemi kabla. Tunatenda tu. Kitakachokuja kinakuja.”

Hapo Lusia, aliyekuwa amesimama mlangoni, akakohoa. “Baba Hosiana, na kamba je?”

“Kamba gani?”

“Ile mnayovutia watu. Mwenzenu Luka akiwa chini, nanyi juu mnataka kumvuta, mnavuta tu? Si huwa mnaitikisa kwanza?”

“Lazima tuitikise! Tukivuta bila kuitikisa tutamgonga ukutani. Naye lazima aitikise kutujibu, ndipo tuvute.”

“Basi mnamwambia kabla,” alisema Lusia. “Mnamwambia, tutakuvuta. Mbona mwamba haujakasirika?”

Mzee Ndaki alitazama miguu yake ndani ya beseni kama aliyeiona kwa mara ya kwanza.

“Kutikisa kamba si kujisifu,” alisema Mzee Ndaki mwishowe.

“Hata redio, baba,” alisema Hosiana kwa sauti ndogo. “Sisemi nitapata nini. Kupata kuko kwa Mungu. Ninasema mguu wangu utafanya nini, ili aliye nyuma asife. Mguu ni wangu.”

Mzee alitoa miguu kwenye beseni, akaipangusa. “Dhahabu usiitangaze,” alisema. “Lakini mguu wako, utangaze. Utangaze kwa nguvu.”

Mwalimu Mwanaima akainuka. “Sasa nipeni toroli.”

Kuanzia jioni ile ua wa Mzee Ndaki uligeuka uwanja wa mafunzo. Toroli lilijazwa matofali. Hosiana aliliendesha, na hakuruhusiwa kulisogeza hata kidogo kabla hajasema atakalofanya na kujibiwa. Lusia alisimama nyuma yake, akiwa ndiye boza la maji. Mzee Ndaki aliketi kwenye kigoda, akiwa ndiye kijiko. Alijua neno moja tu la Kiingereza, akalitumia kwa fahari.

“I am going to reverse!”

“Go!” alinguruma Mzee Ndaki.

“I am going to turn left!”

“Go!”

“Mzee,” alisema Mwalimu, “usimruhusu kabla hujamtazama mama Hosiana alipo. Unaua watu.”

Majirani walijazana uani. “Binti Ndaki amechanganyikiwa,” walisema. “Anaomba ruhusa kwa toroli!” Mwanamke mmoja akamwuliza kama toroli nalo huwa linajibu. Hosiana alihisi aibu ikimpanda hadi masikioni. Ile labda ilikuwa pale pale, nyuma ya meno. Aliimeza. Akasema tena, kwa sauti iliyowafikia wote, “I am going to move forward!” Akangoja. Akajibiwa. Ndipo akasukuma.

Kila alipoteleza na kusema “maybe”, Mwalimu alimrudisha mwanzo wa ua. Alirudishwa mara nyingi. Mikono ilimuuma, sauti ikamkauka. Jumapili jioni aliendesha toroli ua mzima, akaenda na kurudi, na hakuna aliyemrudisha.

Jumatatu uwanja ulikuwa na vumbi. Wanafunzi walisimama pembeni wakisubiri zamu zao. Mkufunzi Boaz alikuwa juu ya jukwaa la mbao, redio mkononi. Donatus aliendesha boza tena.

“Dada Hosiana, zamu yako,” alisema Boaz. “Ingia chini ya ukuta, rudi nyuma hadi kwenye kijiko, pokea mzigo, toka.”

Hosiana akapanda. Alifunga mkanda, akatazama vioo. Akabonyeza kitufe.

“I am going to move forward.”

“Go ahead,” alijibu Boaz. Endelea.

Lori likaenda. Boza likafuata kwa mbali. Hosiana alipokaribia ukuta wa udongo aliona kitu. Vijiwe vidogo vilikuwa vikiteremka kutoka juu ya ukuta, kimoja kimoja, kisha viwili, kisha kama mtu anayemwaga punje. Hapakuwa na upepo. Hapakuwa na mashine iliyogusa ukuta. Akafunga breki.

Akisema, na ukuta usianguke, watamcheka mwaka mzima. Mtihani ataupoteza. Tena kwao, mtu hatamki jambo baya kabla halijaja. Ile labda ikaja hadi ncha ya ulimi. Chini ya ukuta, ndani ya kijiko, alikuwamo mtu.

Akabonyeza kitufe.

“Stop. The bank is going to fall. I am not going to enter. I will wait here.”

Simama. Ukuta unaelekea kuanguka. Siingii. Nitasubiri hapa.

Donatus akadakia kwa Kiswahili, “Ameogopa mtihani huyo!”

“Donatus, nyamaza,” alisema Boaz. Kisha akamwuliza Hosiana kwa Kiingereza, “Are you sure?” Una hakika?

“I can see stones coming down. It is going to fall.” Naona mawe yakishuka. Unaelekea kuanguka.

Boaz hakuuliza tena. Alimwamuru mwenye kijiko aondoke chini ya ukuta. Kijiko kikarudi nyuma polepole, minyororo yake ikisaga udongo. Boaz mwenyewe alizunguka, akapanda juu ya ukuta kwa njia ya upande wa pili, akitanguliza fimbo kupima anapokanyaga. Wanafunzi walimwona akiinama. Alikaa huko muda mrefu. Aliposhuka, uso wake ulikuwa mzito.

“Juu kuna ufa,” alisema. “Mkono wangu umeingia hadi kwenye kiwiko.”

Utepe mwekundu ukafungwa. Watu wote waliondolewa. Walikaa mbali, wakautazama ukuta. Ukuta haukuanguka. Jua likapanda, na bado haukuanguka.

“Mtabiri wetu,” alisema Donatus, “mbona ukuta bado umesimama?”

Boaz aligeuka. “Hakutabiri. Alisema alichokiona kinaelekea wapi. Si lazima ukuta uanguke ndipo awe amesema kweli. Anayengoja uanguke kwanza, Donatus, hana tena wa kumwambia.”

Donatus alitazama chini. Yeye ndiye aliyekuwa akilifuata lori la Hosiana. Baadaye alimsogelea, akanyoosha mkono. “Wabeja, dada,” alisema kwa Kisukuma. Asante. Hosiana akaupokea mkono huo.

Mchana mashine iliangusha ukuta ule kutoka upande salama. Mtihani ukaendelea katika sehemu nyingine ya uwanja. Hosiana alitangaza kila alichokusudia kufanya. Aliposimamishwa ghafla kupisha greda, aliamua papo hapo akasema, “I will wait.” Alipoulizwa lini angeondoka kwenye kijiko, alijibu, “When the truck is full, I will call you.” Lori likijaa, nitakuita. Hakusema “will” mahali isipotakiwa. Jioni Boaz aliwasomea waliofaulu, na jina la Hosiana lilikuwamo.

Nyumbani mambo yalibadilika bila kelele. Lusia sasa alijua idadi ya watu wa kuwasongea ugali, na chakula hakikulala tena sufuriani. Mzee Ndaki aliweka sheria mpya duarani kwake: kila anayeshuka awaambie walio juu atachimba upande gani na atapanda saa ngapi. Wenzake walinung’unika. Kisha siku moja Luka hakupanda kwa saa aliyoitaja, nao wakashuka mara moja, wakamkuta amebanwa mguu na jiwe, mzima. Baada ya siku hiyo hakuna aliyenung’unika. Kuhusu dhahabu yenyewe, desturi ilibaki vilevile. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba ataipata.

Hosiana alianza kazi mwezi uliofuata. Mgodi ulikuwa shimo pana, na barabara ilizunguka kuteremka hadi chini kabisa, ambako watu walionekana kama punje za mtama na mara nyingine hawakuonekana kabisa. Lori lake lilisimama mwanzo wa mteremko. Vumbi lilikuwa limefunika kona ya kwanza.

Alibonyeza kitufe.

“I am going to come down.”

Akangoja. Kutoka chini, katikati ya vumbi, sauti ya mwanamke asiyemfahamu ikamjibu kwamba amesikia, na kwamba watu wake wanapisha. Hosiana akasubiri hadi sauti ile iliposema njia ni wazi. Ndipo akaachia breki, na lori likaanza kushuka.